Nimekata tiketi ya basi kwa masikio: nyota mbili na nusu

Kutoka stendi ya Kange, Tanga, hadi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, nilikaa juu ya tairi la nyuma, magoti yamenikaribia kidevuni, na kila tuta la njiani nililihesabu kwa mgongo. Konda hana kosa, dereva hana kosa. Siti ile niliichagua mwenyewe, kwa kidole changu, kwenye tovuti ya kampuni moja inayouza tiketi za mabasi. Niliichagua kwa sababu ndiyo ya kwanza iliyoniitikia.

Mimi sioni. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga, na kusoma nilianzia Irente, Lushoto, kwa nukta nundu. Siku hizi mambo mengi nayafanya kwa simu yenye TalkBack, programu inayonisomea skrini kwa sauti ya Kiswahili, kwa kasi ambayo wanafunzi wangu wakiisikia wanacheka, wanadhani redio imeharibika. Nyumbani nina kompyuta mpakato yenye NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Hizi programu husoma maandishi yaliyomo kwenye ukurasa. Zikifika kwenye picha, husoma kile ambacho mwenye tovuti amekiandika nyuma ya picha hiyo: maandishi mbadala, au alt kama mafundi wanavyoiita. Kama hakuandika chochote, basi ni mimi na Mungu wangu.

Jina la kampuni nalihifadhi. Kuna mtu kule ndani ambaye sitaki aharibikiwe kazi kwa ajili ya mgongo wangu.

Niseme kwanza kwa nini nilihangaika nao. Kukata tiketi nimekaa sebuleni, kikombe cha chai mkononi, kwangu ni raha ambayo mwenye macho haijui. Nikienda stendi, wapiga debe wawili hunishika mikono miwili, kila mmoja ananivuta kwenye basi lake, na wa tatu ameshachukua fimbo yangu "kunisaidia". Kwa hiyo tovuti yoyote inayoniepusha na hayo inaanza na nyota moja mkononi kabla sijaifungua. Na hawa jamaa nauli yao ni ileile ya dirishani, hawaongezi kitu, na tiketi inaingia kwa SMS. Nyota ya kwanza ni halali yao.

Sasa ukurasa wa mwanzo. Nilipoufungua kwenye kompyuta, NVDA ilinisomea kitu cha kwanza hivi: "kiungo, nembo mpya final mbili". Hilo ni jina la faili la picha. Fundi alipewa nembo, akaibandika, akaifanya kiungo, akaondoka. Nikabonyeza, ukurasa ukajifungua upya uleule. Ndipo nikajua kuwa ni nembo ya kampuni inayorudisha mtu mwanzo. Hilo dogo, linasameheka.

Lisilosameheka sana ni lile lililofuata. Kuna kisanduku cha "Kutoka", kuna kisanduku cha "Kwenda", na katikati yake kuna kitufe cha picha. Hiki kilikuwa na maandishi, tena ya Kiswahili, nikafurahi. Kilisema: "mishale miwili, kitufe". Mishale miwili ya nini? Nimeshajaza Tanga, nimeshajaza Dar es Salaam, nikadhani mishale ndiyo ya kuendelea mbele, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza "picha ya kioo cha kukuzia chenye mpini mweusi, kitufe", maana kilikuwa kitufe pekee kilichobaki, yakaja mabasi. Nilisikiliza ratiba yote, nikachagua la saa mbili asubuhi, na kama si ule mstari mdogo wa juu uliosema "Dar es Salaam hadi Tanga" ningelipia basi la kunirudisha nyumbani kutoka mahali ambapo sijafika. Mishale miwili kazi yake ni kugeuza safari. Mwenye macho anaiona miji ikibadilishana nafasi. Mimi niliambiwa umbo, sikuambiwa kazi.

Nilirudi nikageuza tena, safari hii kwa simu, kwa kuwa nilitaka kulipa. Ndipo nikafika kwenye siti.

Hapa naomba nitulie kidogo, maana ndipo penye nyama. Basi lile lina siti 49: safu kumi na moja za nne nne, na ya nyuma ya tano. Kila siti kwenye ukurasa ni picha ndogo ya kiti, na kila picha ni kitufe. Za kijani ziko wazi, nyekundu zimechukuliwa, hayo niliambiwa baadaye. Nilichosikia mimi ni hiki. Natelezesha kidole kulia: "haina lebo, kitufe". Natelezesha tena: "haina lebo, kitufe". Tena. "Haina lebo, kitufe." Mara 49, mfululizo, kwa sauti ileile isiyochoka. Na juu ya yote kuna dakika kumi za kuchagua na kulipa; zikiisha, kila kitu kinafutika.

Nikafanya alichofanya bibi yangu alipokuwa akitafuta ufunguo gizani: jaribu mmoja mmoja. Nagusa mara mbili cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kimya chenyewe hakisemi kama siti imechukuliwa au simu imekwama. Nilifika ya 33 ndipo sauti ikasema nauli. Nikapumua. Sikujua ni dirishani au njiani, mbele au nyuma, wala kwamba chini yake kuna tairi. Nilijua tu kwamba imenijibu.

Malipo nayo yalikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na nembo nne, za M-Pesa, Airtel Money, Halopesa na Mixx by Yas, na hapa fundi alikumbuka kuandika alt, lakini aliandika moja akainakili mara nne. "Lipa, kitufe. Lipa, kitufe. Lipa, kitufe. Lipa, kitufe." Umewahi kuingia ofisi yenye milango minne, yote imeandikwa INGIA? Nilibonyeza wa kwanza, ombi la malipo likaenda kwenye mtandao ambao sina hata laini yake. Wa pili vilevile. Wa tatu ndio uliokuwa wangu, zikiwa zimebaki dakika mbili.

Nilipofika Dar nilikuwa nimeshaandika kichwani tathmini ya nyota moja, tena kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatumia. Lakini mpwa wangu aliyenipokea Mbezi akasema, "Shangazi, wapigie kwanza." Nikapiga ile namba ya huduma kwa wateja. Binti aliyepokea alinisikiliza, akasema subiri, na baada ya dakika chache nikasikia sauti ya kijana.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyenikalisha juu ya tairi."

Akacheka kwa woga. Akasema, na naamini alisema kweli, kwamba amejitahidi: picha nyingi ameziwekea maelezo. Alisoma mahali kwamba alt ni kueleza kinachoonekana kwenye picha. Ndiyo maana kile kioo cha kukuzia alikiwekea mpaka mpini mweusi. Za siti zilikuwa nyingi, akasema, na zote zinafanana, akaona hazina cha kuelezwa.

Nikamuuliza: "Ukija kwangu nikakuambia mlango ule ni wa mninga, umepakwa vanishi, una kitasa cha shaba, utajua kama unaingia jikoni au chooni?"

Kimya kidogo. "Hapana."

"Basi mimi nataka kujua chooni ni wapi. Mninga nitausifia siku nyingine."

Nadhani hapo ndipo alipoelewa, na baada ya hapo tulizungumza karibu saa nzima, salio langu likiteketea. Kuna picha za kutazamwa: picha ya basi jipya, picha ya abiria wanacheka. Hizo zieleze zinavyoonekana, kwa mstari mmoja, sina ugomvi. Zipo za urembo tu, ua pembeni, mstari wa rangi; hizo ziachiwe alt tupu, programu izipite bila kunisumbua. Lakini picha inayobonyezwa imeshika kazi ya neno. Kioo cha kukuzia hakipo pale kama kioo, kipo badala ya neno "Tafuta". Basi alt yake ni "Tafuta basi", imekwisha. Mishale miwili ni "Geuza kutoka na kwenda". Ile kalenda ndogo, ambayo sijaitaja kwa sababu ilinipotezea dakika moja tu, ni "Chagua tarehe ya safari". Nembo ya kampuni inayorudisha mwanzo ni jina la kampuni na neno "mwanzo". Neno "nembo" halinisaidii. Kwa malipo, kila nembo iitwe kwa jina la mtandao wake: "Lipa kwa M-Pesa", "Lipa kwa Airtel Money". Na asiandike "kitufe cha kutafuta", kwa sababu TalkBack yenyewe hutamka kuwa ni kitufe, kwa hiyo nitasikia "kitufe cha kutafuta, kitufe", kama mtu mwenye kigugumizi.

Akaniuliza swali zuri: vipi pale ambapo aikoni iko pembeni ya maneno? Chini ya ukurasa kulikuwa na picha ya simu, na mbele yake maneno "Piga simu", vyote ndani ya kiungo kimoja, na yeye aliiwekea picha alt ya "Piga simu". Nilikuwa nasikia "Piga simu Piga simu". Hapo picha iachwe na alt tupu, maneno yanatosha. Ila ole wake akichukua hiyo alt tupu akaipeleka kwenye kitufe kisicho na neno lolote pembeni. Hicho kitakuwa kitufe bubu, na kikiwa ni kiungo, NVDA huanza kunisomea anwani ya ukurasa, herufi na tarakimu, mpaka nizime.

Kuhusu siti, alisema atatumia namba. Nikamwambia namba peke yake haitoshi, kwani yeye akikata tiketi anatazama nini? Anatazama iko wapi na kama iko wazi. Basi na mimi niambiwe hayo: "Siti 5, dirishani, iko wazi." Nikiigusa, ibadilike iseme imechaguliwa. Iliyochukuliwa iseme imechukuliwa, nisibaki nagonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Rangi ya kijani na nyekundu imebeba habari. Maandishi lazima yaibebe habari ileile.

Sikuwa nikimfundisha kitu kigeni. Alt imo kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, tangu toleo la pili la mwaka 1995. Kwenye WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, na ambao toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2008, kipengele cha kwanza kabisa, 1.1.1, kinahusu jambo hili, na W3C hao hao wana somo la bure mtandaoni lenye mifano ya nembo, kioo cha kukuzia na aikoni ya kuchapa. Hata hivyo WebAIM, shirika la Marekani linalohimiza tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao kila mwaka hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, mwaka 2024 walikuta zaidi ya nusu zina picha zisizo na alt. Kwa hiyo kijana wangu hayuko peke yake, ana kampuni kubwa kubwa za kumfariji.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa historia, nilimpa kisa cha Sydney, sikuweza kujizuia. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney. Kwake pia ilianzia kwenye tiketi: kitabu cha kuagizia tiketi hakikuwepo kwa nukta nundu, na tovuti yao ilikuwa na picha na viungo vya picha visivyo na alt. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya huko iliamuru waweke alt kwenye picha zote na viungo vyote vya picha kufikia tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Hawakutimiza yote, wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Kijana akauliza, "Mwalimu, na wewe utatushtaki?" Nikamwambia mimi nataka siti ya mbele tu.

Wiki tatu baadaye nilikuwa na safari nyingine, kikao cha harusi Dar, nikafungua tovuti ile ile. Jambo la kwanza nililosikia lilinishtua: sauti ya mwanamke wa Kizungu. TalkBack yangu imeacha Kiswahili, na yule mama anasoma "Tafuta basi" kama mtalii aliyeteremka meli jana. Maneno yalikuwa sahihi kabisa, kijana ameyaandika vizuri, lakini huko juu ya ukurasa, pale panapotajwa lugha, ameacha ikisema Kiingereza, na simu inatii. Nikamtumia ujumbe. Akarekebisha jioni hiyo hiyo, akasema ni herufi mbili tu, alibadilisha "en" kuwa "sw". Lakini sasa zile alt chache alizozisahau kwa Kiingereza zinasomwa kwa Kiswahili. "Home" inasomeka ho-me. Mara ya kwanza nilidhani wananiuliza kama nina homa.

Halafu nikafika kwenye siti. "Siti 1, dirishani, imechukuliwa, kitufe." Kulia. "Siti 2, njiani, imechukuliwa, kitufe." Kulia. "Siti 3, njiani, iko wazi, kitufe." Niliiruka makusudi, kwa sababu sasa nilikuwa na uwezo wa kuringa. Siti 4 imechukuliwa. "Siti 5, dirishani, iko wazi." Nikagusa mara mbili. "Siti 5, dirishani, imechaguliwa." Sekunde arobaini labda, na zile dakika kumi zikawa nyingi kuliko mahitaji yangu. Nikalipa kwa kitufe kilichojitaja kwa jina lake, nikamaliza chai ikiwa bado ya moto.

Njiani upepo wa dirishani ulinipiga usoni tangu Muheza. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza machungwa, aliniuliza nani kanikatia tiketi. Nikamwambia nimekata mwenyewe. Akasema "Haya" kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Nyota ya pili ni kwa zile siti. Ingekuwa ya tatu kama si ukurasa wa mwisho. Ukishalipa, unapelekwa kwenye ukurasa wa tiketi yako, na chini yake kuna aikoni mbili zilizokaa bega kwa bega. Moja TalkBack inaisoma "ikoni saba", nyingine "ikoni nane". Nilimuuliza mpwa wangu ni za nini. Moja ni ya kupakua tiketi, nyingine ni ya kughairi safari. Nikamwandikia kijana, akanijibu kwamba ukurasa ule ulitengenezwa na mwenzake aliyeshaacha kazi, ataushughulikia, nimpe muda. Nusu nyota hiyo nimempa kwa kujibu ndani ya saa moja. Mpaka atakapozipa majina, tiketi zangu nazisubiri kwenye SMS, na ikoni saba na nane sizigusi.